Nyumba Isiyotetemeka

Saa sita mchana kila nyumba lazima itetemeke. Isiyotetemeka, taa ya mlangoni huzimika, na nyumba huhesabiwa haina watu.

Kwetu anayejaribu spika ya besi ya kuitetemesha nyumba ni kaka yangu Shomvi, na anatuchosha. Vumbi la dari limeingia kwenye maharage, mwanangu analia, naye anabishana tu.

“Shomvi, weka muziki mzima. Huo uliobanwa ili usijaze simu umepoteza besi.”

“Muziki mzima unajaza simu yangu, dada. Sikia huu unavyopiga!”

“Tazama maji.”

Glasi ya maji tuliyoiweka juu ya spika kupima mtetemo ilitikisika kidogo tu. Akaongeza sauti. Kelele zikazidi, maji yakabaki vilevile, saa sita ikapita.

“Tumepita,” akasema.

Nikatoka kuanua nepi. Jirani yetu, Mama Tabu, alikuwa akichambua mchicha.

“Shikamoo, mama.”

Hakuitika. Sauti yangu ni ndogo, nikarudia kwa nguvu. Akaitazama taa ya mlango wetu iliyozimika, kisha akamwita binti yake.

“Njoo uchukue zile nepi. Pale hapana mtu tena.”

Zilikuwa mikononi mwangu.