Mikate ya Tashkent

"Mtu wa kunidanganya mimi hajazaliwa!" Glafira Yefimovna alisema, akajitupa kwenye benchi la nje ya jengo lao. Kisha akainuka taratibu, akapapasa sketi yake kwa nyuma, akatazama kiganja kilichojaa rangi ya kijani. "Au kazaliwa. Ndiye yule mpaka rangi aliyeniambia benchi limekauka."

Tikhon, mumewe, hakucheka. Hata hakusikia. Macho alikuwa kayatundika dirishani kwa jirani, ghorofa ya tatu, na shingo inanukia manukato. Tangu asubuhi alikuwa kanyoa ndevu mara mbili.

"Faina Markovna anazungumza klabuni saa nane," alisema. "Tuwahi viti vya mbele."

"Nenda ukambebee na mkoba."

"Mkoba nilishaupeleka."

Faina Markovna alihamia hapo mwezi wa tatu, na nishani zake kifuani. Wakati wa vita alikuwa kwenye kikosi cha ndege cha wanawake pekee. Alikaa kiti cha nyuma katika kindege cha mbao na turubai, ramani mapajani, akimwelekeza rubani wake pa kudondosha mabomu. Tangu ahamie, Tikhon alimbebea viazi, akamtundikia mapazia, akamzibia bomba. Bomba la jikoni kwa Glafira lilikuwa linadondoka tangu mwaka mpya.

Glafira hakutaka hata kumsalimu. Akisikia viatu vya Faina kwenye ngazi, alirudi ndani, au alivuta mtandio mpaka puani akajifanya anatafuta funguo. Siku moja walikutana ana kwa ana. Faina akamkazia macho kitambo, akatabasamu. "Habari za leo, jirani?" Glafira akapita kama upepo.

"Wivu huo," majirani walisema, "utampasua nyongo."

Wala hawakukosea. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana Tikhon huyuhuyu, mwaka ule baada ya vita, alimwacha mchumba wake wa kwanza, muuguzi, kwa sababu tu msichana huyo alitoka vitani. Mama yake alipiga meza: "Mwanamke aliyelala mahandakini na wanaume hakanyagi hapa!" Ndipo wakampata Glafira.

"Vita vyote nilikuwa Tashkent, mama, mbali na risasi, nawaokea askari mikate," Glafira alisema siku ya posa, macho chini, mikono mapajani. Mama mkwe akaridhika. Alikuja kuuonja mkate wenyewe baada ya harusi, ukamvunja jino. "Sasa nimejua tulivyoshinda," akasema. "Wajerumani walidondoshewa hii." Tangu hapo nyumba ile ilikula mkate wa dukani.

Miaka kumi na tisa imepita, na mwanamume huyohuyo juzi kasema nini, tena mezani, akila supu ya kabichi aliyopikiwa na mkewe? "Mwanamke aliyepigana angani, Glasha wangu, huyo ndiye mwanamke!"

Glafira alimwongezea chumvi kwenye supu. Vijiko vitatu.

Klabuni watu walijaa mpaka madirishani, maana Ushindi ulikuwa unatimiza miaka ishirini. Tikhon alikaa mstari wa mbele, na shada la maua mekundu mkononi. Glafira, kandoni mwake, alikuwa kajifunika mtandio mpaka puani ingawa joto lilikuwa la kutoa jasho. Maua yeye aliletewa mara moja tu, nayo yalikuwa mabaki ya mazishi ya mjomba.

"Njia ya mwongo ni fupi," alimnong'oneza mumewe. "Ngoja umsikie."

Faina akasimama. Alisimulia walivyoruka bila miavuli ya kushukia, walivyozima injini ili adui asiwasikie, safari nane kwa usiku mmoja. "Uchovu ule, ndugu zangu, acheni! Wakati wa kurudi tulipeana zamu. Mmoja anaendesha, mwenzake anasinzia."

Ukumbi ukaguna kwa huruma.

"Alfajiri moja tunarudi, bawa limetobolewa, ukungu kila upande. Natazama kiti cha mbele, rubani wangu kalala! Anakoroma! Basi, nyuma kule nako kuna usukani. Nikaushika, nikaileta ndege mpaka chini peke yangu. Mwenzangu anaamka, anauliza chai iko wapi."

Kicheko kikavuma, makofi yakafuata. Tikhon alifuta machozi. "Mwanamke gani huyu!" akasema, akasimama na maua yake.

Faina hakuyapokea. Alikuwa bado anatazama mstari wa mbele, upande wa kulia wa Tikhon. "Maskini rubani wangu," akaendelea, taratibu, kama anayemenya chungwa. "Kuruka aliruka, sikatai. Lakini kwa kulala, jeshi zima hakuna aliyemfikia."

Glafira aliruka kitini. Mtandio ukaanguka.

"Mwongo mkubwa we! Aliyelala nani? Nimekuita mara saba kwenye bomba la mpira la kusemea, huitiki, umejikunja kama paka jikoni! Ramani yenyewe uliilowesha mate!"

Ukumbi mzima ukamgeukia Glafira. Faina hakukasirika hata kidogo. Aliketi, akanyoosha nishani zake, akajimiminia chai kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Tikhon aligeuka polepole, maua yameinama mkononi.

"Glasha," akauliza, "na ile mikate ya Tashkent?"

Glafira aliinama kutafuta mtandio chini ya kiti, sketi yake ya kijani kwa nyuma ikitazamwa na watu wote.

"Ilikuwa mingi," akajibu hukohuko chini. "Tena laini."