Nafasi ya Majembe

Mkutanoni Lalago, bendi iliupiga wimbo ambao marehemu mke wangu, Ng'washi, alikitungia kikundi chake cha kulima pamba. Maneno walikuwa wameyabadili. Sasa unamsifu mkubwa wa wilaya aliyeketi jukwaani, yule yule aliyeondoka na gari la zahanati kwenda kwenye ziara zake siku Ng'washi anatokwa na damu.

Nikaenda hadi jukwaani, kwa mwimbaji. "Wewe kijana, huo wimbo una mwenyewe!"

"Mzee, hizo ni za zamani. Kaa chini, tunarekodi."

Askari akanidaka mkono. Mkubwa akacheka.

Ng'washi aliacha nafasi kila baada ya mstari wa tatu, ili majembe yote yatue ardhini pamoja. Hawa na kinanda chao walipitiliza tu.

Walipofika tena kwenye nafasi ile, wanawake waliokaa chini wakapiga viganja ardhini kwa pamoja. Puu! Vumbi likapanda. Bendi ikapotea, kinanda kikanyamaza.

Mama mmoja akaanzisha wimbo upya, bila spika, kwa maneno ya Ng'washi.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Askari alikuwa bado amenishika mkono. Nikasikia buti lake likigonga chini.