Silinda ya Nne

"Sogeza simu karibu na injini," Mama Spana alisema, "halafu wewe mwenyewe nyamaza."

Akafumba macho, akaikaza simu sikioni. Simu yenyewe ilikuwa imeshatumbukia majini mara mbili, na kila sauti ilitoka humo kama imefungiwa ndani ya debe. Lakini sikio la fundi ni sikio la fundi. Ta, ta, ta… ta. Ta, ta, ta… ta.

"Inamisi," alisema. "Silinda ya nne inachelewa."

"Bado ni ile ile ya nne, mama?" mwanawe aliuliza kutoka huko mbali alikohamia na pikapu kuukuu ya marehemu baba yake.

"Ile ile. Plagi ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Na waya wa plagi?"

"Mpya kabisa."

"Basi safisha kabureta, Jumamosi ijayo tuisikilize tena. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo wote wanne. Wapo hapa hapa, wananizonga tu."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya tisa. Mwaka huo Mama Spana alikuwa amefunga gereji yake ya miaka thelathini na mbili, maana magoti yalikataa kuchuchumaa, akahamia kwa binti yake. Wiki za mwanzo alishinda kitini anatazama ukuta, chakula akikidonoadonoa kama mgonjwa. Kisha pikapu ya mwanawe ikaanza kumisi, na yeye akaanza kula. Kila Jumamosi saa kumi jioni simu iliita, naye alikuwa ameshavaa ovaroli tangu saa tisa.

Ila sasa pikapu ilikuwa inamtia aibu. Hakuna injini iliyowahi kumsumbua wiki tisa. Sanduku lake la spana lilikaa kwenye kona ya sebule, na binti yake alikuwa anaitamani kona ile apate pa kuweka cherehani.

"Hii ikinishinda," alimwambia binti, "basi masikio yangu yamekwisha. Spana zote wape watu wa vyuma chakavu, wewe uweke cherehani yako."

"Mama, magari mengine ni kama watu. Hayaumwi, yanadeka tu."

"Injini haideki. Inayodeka ni cherehani yako, ndiyo maana inakata uzi."

Binti akainamia kitambaa chake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Jumamosi ya kumi, baada ya kabureta kusafishwa, ya nne ilipiga sawasawa mara sita, mpaka Mama Spana akaanza kutabasamu. Halafu injini nzima ikapiga chafya.

"Inavuta hewa mahali," alisema. "Kaza boliti zote."

Jumamosi ya kumi na moja ya nne haikusikika kabisa. Zilipiga tatu, kisha pengo, tatu, kisha pengo.

"Imekufa hiyo," alisema. "Tangu lini?"

"Imelala tangu saa nane, baada ya kula."

"Baada ya kula nini?"

Mwanawe akajirekebisha haraka. "Baada ya mimi kula, mama. Nilikula, ndipo nikaja kuiwasha."

"Ilete hapa."

"Itanifia njiani."

"Basi nakuja mimi."

"Kwa magoti hayo? Usije, mama, tafadhali. Tutaimaliza kwa simu."

Kumkataza fundi asione gari ni sawa na kumkataza paka asitazame samaki. Jumamosi iliyofuata Mama Spana alipanda basi la asubuhi, sanduku la spana mapajani. Binti alimsindikiza hadi mlangoni pa basi, akimsihi ampigie kaka yake kwanza.

"Ugonjwa haupigiwi hodi," alijibiwa. "Na wewe usimwambie, nakujua mdomo wako."

Saa kumi kasoro dakika chache alikuwa nje ya ukuta wa nyumba ya mwanawe, sanduku limemvuta bega upande mmoja. Hakugonga geti. Alitaka kwanza kuisikia kwa masikio yake mwenyewe, bila debe la simu kumkorogea sauti. Kama hata hapa hataujua ugonjwa wa pikapu, alijiambia, atarudi mikono mitupu na cherehani ipate kona yake.

Simu ikaita mfukoni.

"Shikamoo, mama. Uko tayari?"

"Marahaba, baba. Washa."

"Haya, moja, mbili," mwanawe alinong'ona, na hakuwa akimwambia yeye.

Ta, ta, ta… ta. Aliisikia simuni, na papo hapo akaisikia nyuma ya ukuta. Ilikuwa ya nne, bila shaka yoyote. Masikio hayakuwa na kosa. Akalitua sanduku, akalikanyaga, akachungulia juu ya ukuta.

Pikapu ilikuwa uani juu ya matofali, boneti wazi, na mahali pa injini kuku alikuwa ameatamia mayai. Mwanawe alikuwa amechuchumaa kando ya pipa la maji lililopinduliwa, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unahesabu hewani. Wajukuu watatu walilizunguka pipa, kila mmoja na mwiko wake, wakipiga kwa zamu bila kukosea. Wa nne, mwenye miaka mitatu, alikuwa amesimamishwa juu ya kigoda, mwiko kaushika kwa mikono miwili, macho kwa baba yake. Zamu yake ikafika. Akacheka kwanza, ndipo akapiga.