Jino la Karanga

Daktari wa mifugo aliuinua mdomo wa Karanga, kijibwa kizee cha Bi Salome, akamwonyesha jino lililooza na ufizi uliojaa usaha.

"Mama, huyu ameumia muda mrefu. Na miguu ya nyuma imekakamaa."

Siku zote hizo Salome alidhani Karanga ameota kiburi: anasusa chakula, anagoma kupanda ngazi, anamngurumia akimbeba. Juzi tu alimchapa kwa kandambili.

"Atapona?"

"Jino nitaling'oa. Miguu tutaituliza kwa dawa tu. Huo ni uzee."

Walipokwisha kurudi nyumbani, Salome aliketi sakafuni, akauponda wali kwenye mchuzi, akanyoosha kiganja.

Karanga aliutazama ule mkono, akajikunyata.

Salome hakuurudisha. Mchuzi ulimchirizika hadi kwenye kiwiko.