Bawa la Kushoto

Gunia la ishirini na tatu lilipowekwa, bawa la kushoto lilitoa sauti kama ya mfupa, likakatika katikati.

Mchanga ulimwagika kwenye nyasi. Watu wa Ndanai waliokuja kutazama wakamgeukia Johana, fundi wa mbao, maana mabawa yale yalikuwa kazi ya mikono yake.

Ndege yenyewe ilikuwa ya binti yake, Cheptoo. Alikuwa mekanika kwenye karakana ya kiwanda cha chai, na kwa miaka minne alikuwa akiiunda nyuma ya zizi la ng'ombe: kiti kimoja, injini ya gari kuukuu, mabawa mawili, moja kila upande. Kazi ya chuma aliifanya mwenyewe. Mbao alimwachia babake.

"Hakuna fundi kama wewe hii Sotik yote, Baba," alimwambia alipoanza. "Ukinitengenezea mabawa, nitaruka."

Johana alikubali. Hakujua kumnyima kitu. Kakake Cheptoo, Noah, alikufa na pikipiki kwenye mteremko wa kwenda Chepilat, na mama yao, Lenah, hakumaliza mwaka baada ya mazishi. Nyumbani walibaki wawili tu.

Basi alitafuta mbao za saipras zisizo na kifundo hata kimoja. Alizipinda mbavu za mabawa kwa mvuke wa sufuria, akatia gundi, akabana, akasubiri. Waliomletea kazi ya milango na vitanda aliwaambia wangoje, ana kazi ya mtoto. Jioni Cheptoo akitoka kiwandani, walikunywa chai kwenye benchi la randa, wakihesabu mbavu zilizobaki. Siku moja Cheptoo akacheka, kicheko cha zamani, kile cha kabla ya msiba. Johana aliinamia randa ili asionekane macho.

Mwezi wa nne, Cheptoo aliijaribu injini malishoni, ndege ikiwa bado haina mabawa. Ilikimbia kuliko walivyodhani. Ikagonga kichuguu, ikalala ubavu. Johana alimkuta binti yake ameketi kwenye nyasi, damu inamchuruzika usoni, anacheka.

"Umeona mbio hiyo, Baba? Nikipata mabawa, vichuguu nitaviona chini yangu!"

Johana alimwosha damu kwa maji ya kunywesha ng'ombe. Wiki iliyofuata akamaliza bawa la mwisho.

Alhamisi alikuja Clifford Oyugi, mwenzake Cheptoo kazini, ambaye aliwahi kukarabati ndege Nairobi. Aligonga kila ubavu kwa kidole, akasikiliza. Akaangalia mhimili, ile mbao ndefu ya ndani inayobeba uzito wote wa bawa.

"Mzee, kazi kama hii sijaona hata Nairobi," alisema. "Lakini lazima tupime. Jumamosi tutalaza kila bawa chali, tulipakie magunia thelathini ya mchanga. Likibeba, binti yako aruke. Lisipobeba, hakuna kuruka."

"Lisipobeba naacha," Cheptoo alisema. "Nakuahidi, Baba."

Jumamosi, bawa la kulia lilibeba yote thelathini. Watu walipiga makofi. Walipohamia kushoto, Johana aliwasukuma nyuma hatua kumi.

"Hapo si pazuri kusimama," aliwaambia.

Kisha yakawa yale yaliyokuwa.

Cheptoo aliruka mchanga na vipande, akaja kumshika babake mikono yote miwili. "Baba, usilie. Ni mbao tu."

Oyugi alitaka kukagua palipokatika, lakini Johana alimtangulia. "Wacha, kijana. Hiyo ni aibu yangu, wacha niibebe." Kabla ya saa ya kukamua ng'ombe, alikuwa amelipasua bawa lote kuwa kuni.

Habari ilienea. Mikono ya mzee imeisha, watu walisema. Kanisa lilikuwa limempa kazi ya viti vya wazee. Likamwondolea kwa upole, likampa fundi mwingine. Waliokuwa wakingoja milango hawakurudi. Johana hakubishana na yeyote.

Oyugi alimwambia Cheptoo kwamba Kericho kuna fundi hodari, angeweza kutengeneza bawa lingine kwa miezi miwili.

"Nikileta fundi mwingine hapa," Cheptoo alijibu, "nitakuwa nimemwambia baba mbele ya watu wote kwamba hawezi. Afadhali nisiruke."

Akauza injini kwa mtu wa Soin mwenye mashine ya kusaga. Akaendelea na kazi kiwandani. Ndege ikipita juu ya mashamba ya chai, wenzake waliinua vichwa. Yeye aliendelea kukaza nati.

Jioni moja alimmiminia babake chai. Benchi la randa lilikuwa limefunikwa turubai.

"Baba, bado unajilaumu?"

"Ndiyo."

"Basi wacha. Ile mbao ilikuwa na ugonjwa ndani. Hakuna mtu angeona."

"Hakuna," Johana alisema.

Ijumaa ile, siku moja kabla ya kupima, Cheptoo akiwa kazini, Johana aliukata mhimili wa bawa la kushoto kwa msumeno mwembamba kuliko yote aliyokuwa nayo, akaujaza ufa gundi na vumbi la mti wenyewe, akapiga msasa mpaka yeye mwenyewe akapoteza mahali alipokata. Katika miaka arobaini ya ufundi, hakuwahi kufanya kazi safi kama ile.