Zimwi la Mihayo

"Nani alichonga zimwi lile?" tarishi wa mtemi aliuliza, hata kabla ya kuitikia shikamoo.

Mbuke, mama yake Mihayo, aliacha kupepeta mtama. Nani pale Ibadakuli asiyejua? Mwaka wa sita huu mwanawe alikuwa akilichongea kundi lao la ngoma viumbe wa hadithi: nyoka wa vichwa viwili, mwanamke mwenye mkia wa mamba. Kila baada ya mavuno, makundi yaliposhindana, watu waliwaacha wapinzani wakaja kuvishangaa vinyago hivyo. Akichonga alifunga mlango wa kibanda, asiingie mtu ila mkewe, Apolonia, na kibuyu cha uji.

Lakini zimwi la mwaka huu, lile linalokula watoto, lilipofunuliwa uwanjani watu waliangua kicheko. Jicho la kushoto lililegea. Shavu lilituna kama lenye tumbaku. Mtemi mwenyewe, kama pacha wake!

"Nimeuliza, nani?"

Mihayo, aliyesimama kando ya mkewe, alitazama viganja vyake, laini kama vya karani. "Si mimi," alisema. "Ni mke wangu."

Majirani waliguna. Mwanamume mzima! Mbuke alihisi uso ukimwaka. Huyu ndiye aliyemzaa, akamnyonyesha. Leo anajificha nyuma ya kanga ya mkewe ili akwepe viboko.

"Mihayo, futa neno hilo," Mbuke alimwambia mwanawe.

"Siwezi, mayu." Machozi yalimlengalenga, na Mbuke akageukia pembeni asiyaone.

Apolonia hakubisha. Alikung'uta vumbi la mbao kwenye gauni, akatangulia njiani. Mbuke alimfuata, macho chini, asiweze hata kuwaamkia waliopishana nao.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimezaa mwoga."

"Usiseme hivyo, mayu," Apolonia alijibu.

Barazani kwa mtemi wazee walicheka hadi wakakohoa. Mwanamke na tezo, wapi na wapi! Mtemi hakucheka. Aliagiza kipande cha mninga na tezo.

"Mpeni achonge. Mumewe akiwa amemsingizia, nitamchapa mbele ya wakwe zake."

Mbuke alianguka magotini. Aliona tayari mwanawe amelazwa kifudifudi, na wakwe wakitazama. "Mtemi, aibu hii ni yangu. Mimi ndiye niliyemlea vibaya. Nichape mimi."

Kicheko cha wazee kilikuwa kimekatika ghafla. Mbuke aliinua kichwa.

Apolonia alikuwa ameketi chini, gogo kalibana kwa nyayo, vibanzi vikiruka hadi miguuni mwa wazee. Paji la uso lilishatokea, na jicho moja, legevu. Alisimamisha mkono, akamkazia macho mtemi.

"Kwenye zimwi lile nilikosea pua," alisema. "Geuka kidogo, Mtemi."

Mtemi akageuka.