Kikohozi cha Mwewe wa Shaba

"Rudisha nyuma," Raelene alisema. "Hajakohoa."

Keith, mdogo wake, alibonyeza rimoti. Kwenye skrini Mwewe wa Shaba akaruka tena juu ya daraja lililokatika, joho likipepea, akatua mbele ya abiria wa treni. Hakukohoa.

"Shujaa wa kukohoa umemwona wapi, dada?" Keith alicheka. "Anainua treni kwa mkono mmoja, halafu kifua kinambana?"

"Alikuwa anakohoa. Kila akitaka kusema jambo zito. Na hii sauti si yake. Huyu anaongea kama mtu wa matangazo ya sabuni."

Walikuwa wamekaa kwenye zulia la sebule ya mama yao, kama zamani, ingawa sasa magoti ya Keith yalilia kila alipojigeuza. Kisanduku cha diski kilikuwa kati yao: katuni zote za Mwewe wa Shaba, picha na sauti zimesafishwa upya. Raelene alikuwa amekileta kutoka pwani, safari ya kutwa nzima mpaka kwenye mji huu wa machimbo. Alitaka kusikia sentensi moja tu kabla ya Jumatatu.

Jumatatu alitakiwa kuomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee. Siku moto wa nyika ulipofika kwenye uzio aliamriwa apande basi la mwisho, akakataa. Ndani walikuwa wamebaki wazee wawili wasioweza kukaa hata kwenye kiti, wakisubiri gari la wagonjwa. Alikaa nao, ameziba mlango kwa mataulo mabichi, mpaka gari likafika. Wote watatu walipona. Lakini amri ni amri, mkuu wake alisema. Aombe radhi, au arudishe funguo.

"Si uombe tu yaishe," Keith alisema. "Unatazama viatu vyako, unasema samahani, unarudi kwa wazee wako. Nani atakufa?"

"Mwewe asingeomba."

"Rae, una wajukuu."

"Na nitawaambia nini, hao wajukuu? Iache iendelee."

Nyuma yao mama yao, Beryl, alikuwa kwenye kiti chake, beseni mapajani, akimenya viazi vya chakula cha jioni.

Treni ilipokuwa ikivutwa polepole kutoka korongoni, Keith alilainika kidogo. "Unakumbuka ule mwaka wa mgomo? Mgodi umefungwa, Baba yupo nyumbani kila siku. Jumamosi asubuhi tunapanga foleni kwa Mwewe."

"Jumamosi tu. Siku nyingine hataki iwashwe. Eti televisheni itachoka."

"Na kile kioo kirefu cha Mama hapa ukutani, kinatazamana nayo. Mimi najifunga taulo shingoni, napigana na mimi mwenyewe kiooni mpaka kipindi kianze." Keith akatikisa kichwa. "Maskini Baba. Kila Jumamosi kajibana kule nyuma ya televisheni, ameshika antena ili picha isikatike. Tunaona vidole vyake tu. Sisi tunashangilia, yeye anakodolea ukuta."

"Hakuwahi kulalamika."

"Baba? Hata siku wanamzika asingelalamika."

Kisu cha Beryl kilisimama kidogo juu ya kiazi, kisha kikaendelea.

"Nyamaza," Raelene alisema. "Ndiyo hapa."

Kwenye skrini Meya alikuwa amesimama kando ya reli, kidole juu, akimfokea Mwewe kwa kurudi korongoni wakati alishakatazwa. Raelene alishika ukingo wa zulia. Aliijua sehemu hii kuliko jina lake. Sasa Mwewe angekohoa, kisha angesema kwa ile sauti ya mikwaruzo: Sitoki mpaka wa mwisho atoke, na kwa hilo siombi radhi.

Mwewe wa Shaba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mheshimiwa Meya," alisema kwa sauti nyororo. "Haitatokea tena."

Muziki ukapigwa. Abiria wakapiga makofi.

"Rudisha," Raelene alisema.

Keith alirudisha. Akarudisha tena. Kila mara kichwa kiliinama, na kila mara samahani ilitoka. Mwishowe alizima mwenyewe, bila kucheka.

"Uliota, dada," alisema taratibu. "Umeishi miaka yote hii kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema."

Raelene alisimama. Macho yalikuwa yamelowa, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Sawa. Kama hakuyasema yeye, nitayasema mimi. Jumatatu, mbele yao wote. Funguo zao wachukue. Lile basi likija tena, sitapanda."

"Mama, mwambie basi," Keith alisema. "Wewe anakusikiliza."

Beryl aliweka beseni sakafuni, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Aliyasema," alisema.

"Mama! Tumesikia wenyewe, sasa hivi, hapa."

"Televisheni yetu ilikufa sauti mgomo ulipoanza, na hatukuwa na cha kuitengenezea," Beryl alisema. "Mlidhani kioo changu kiliegemea ukuta huu mwaka mzima kwa ajili gani? Baba yenu angeionaje midomo ya Mwewe ili amsemee, akiwa kule nyuma na kikohozi chake cha mgodini?"